Stakabadhi

Tulimwita Stakabadhi
kwa kuwa alikuja mwaka ule
tulipoanza kupewa karatasi badala ya fedha:
kifurushi cha manyoya, kimelowa, mlangoni pa ghala.
Mhasibu Nandonde akasema, mpeni kazi.
Akapewa. Mshahara, vichwa vya dagaa.
Hakuwahi kudai malimbikizo.

Sasa ana miaka kumi na sita
na pua yake inakoroma kama birika
lililobakiwa na maji ya kikombe kimoja.
Kila mwezi wa sita, wapuliziaji wakiingia mikoroshoni,
salfa ikichanganyika na ukungu wa Newala,
kifua chake hufunga.
Zamani kilifunguka mwezi wa nane.
Mwaka huu wa nane umepita, wa tisa umepita,
tuko wa kumi na bado anavuta hewa
kama mtu anayeburuta kitanda.

Bwana mifugo Chilumba alikuja na pikipiki,
akatafuta mbuzi uani.
"Mgonjwa yuko wapi?"
Nikamwonyesha juu ya gunia.
Akacheka. Kisha akapiga magoti, akaweka sikio, hakucheka tena.
Sindano tano, siku tano, elfu saba kila moja,
mafuta ya pikipiki juu yangu.
"Na akipona?"
"Mzee, huyu hatapona. Atapata nafuu, nayo itaisha."

Nilinunua tatu.
Siku ya nne nilimwambia Stakabadhi
kwamba dawa imekwisha dukani.
Paka hawezi kusoma uso wa mtu.
Au anasoma, ananisitiri.

Bi Somoe wa nyumba ya pili, kwa wema wake,
alileta nusu kidonge, kile tunachomeza sisi kichwa kikiuma.
Nilikuwa nimeshakisaga.
Chilumba akapiga simu kwa jambo jingine kabisa, nikamtajia,
akapaza sauti hadi simu ikakwaruza:
"Mwaga! Kwa paka hicho ni kaburi!"
Nikamwaga. Mkono ulitetemeka mpaka magharibi.

Basi tumebaki na sufuria, na kanga ya marehemu mke wangu
ambayo jina lake limefutika, limebaki neno moja, "jirani".
Kiangazi hiki ndoo ya maji ni shilingi mia tano,
kwa hiyo mimi ni mtu anayejua bei ya mvuke.
Tunaingia wote wawili chini ya kanga.
Yeye anapiga chafya, mimi natoka jasho,
tunatoka humo kama wezi waliokoswa.
Maji yakipoa naoshea vyombo.

Halafu pamba, na chumvi kidogo katika maji ya vuguvugu,
napangusa ule ute kama wa bamia.
Halafu dagaa, nawapasha moto wanuke,
maana paka asiyesikia harufu hali,
na asiyekula, basi.

"Mzee Likwata," wananiambia pale mashineni,
"watoto hawana madaftari, wewe unamchoma paka sindano?"
Sina jibu. Wana haki.
Nimejaribu kukadiria magunia aliyoyaokoa na panya
miaka yote tuliyolinda pamoja.
Hakuna aliyeandika.

Mnada wa kwanza wakulima wamekataa bei.
Kilo zangu mia mbili na arobaini zimelala ghalani,
karatasi yake iko chini ya godoro.
Ile nyingine iko juu ya godoro, inakoroma.

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza:
kufuli, nyayo, mwizi anayemeza mate.
Sasa nasikiliza pua moja.
Ikinyamaza saa nane za usiku
nainuka na kurunzi, moyo mkononi.
Ananitazama kwa jicho moja lenye tongo
kama mlinzi aliyekutwa amesinzia.
Nazima. Betri nazo zina bei.
Nakaa gizani, nangoja,
na lile birika
linaanza tena.